Uani kwa Mama Rashidi

Siku moja kabla ya mambo kuharibika, baba alikuwa akibishana na bwana harusi kuhusu upana wa miguu ya suruali. Baba alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Muhima, mjini Kigali. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kushona vifungo. Mdogo wangu Mwajuma, wa miaka mitano, alikuwa chini ya meza akibandika vipande vya kitambaa kwenye boksi kwa uji wake wa asubuhi.

"Jumamosi itakuwa tayari?" aliuliza bwana harusi.

"Jumamosi, inshallah. Wewe usinenepe tu," alijibu baba, na wote wawili wakacheka.

Kesho yake redio ilipiga muziki usio na maneno, kisha ikatuambia tusitoke nyumbani. Baba alifunga mlango wa duka kwa komeo, akaketi nyuma ya cherehani bila kushona. Kitambulisho chake kilikuwa kimeandikwa Mtutsi. Mchana tulisikia filimbi barabarani na watu wakikimbia. Jioni kulikuwa na kizuizi kwenye kona, magogo na kreti za bia, na baadhi ya waliokilinda baba alikuwa amewashonea nguo.

Mama Rashidi alikuwa mjane aliyeuza mandazi, na ua wake ulipakana na wetu. Yeye hakuwa akitafutwa na mtu. Alfajiri aling'oa bati la uzio, akatuita kwa mkono, akatuingiza kwenye chumba alichowekea mkaa na magunia ya unga.

"Hapa munakaa kimya," alisema. "Mutu akikuja, mimi ndiye nasema. Ninyi hapana."

Tulikaa. Mama yetu alitufundisha kukohoa ndani ya kanga. Baba alisali ameketi, kwa ishara. Mwajuma alizoea haraka kuliko sisi sote. Aliacha kuuliza tutarudi lini nyumbani, ingawa nyumbani kulikuwa upande wa pili wa uzio.

Walikuja asubuhi.

Nilisikia mlango wa mbele ukigongwa, kisha sauti za wanaume. Moja niliijua.

Mama Rashidi aliwaambia wale mandazi kwanza, bado ni ya moto.

Walikula. Mmoja aliegemea mlango wetu. Mbao zililia.

Mama aliufunika mdomo wa Mwajuma kwa kanga.

Kisha wakaondoka.

Baada ya hapo Mwajuma alishikwa na homa. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena na haikushuka. Baba alisema mfamasia wa barabara ya chini ni rafiki yake, amemshonea makoti ya kazi, hawezi kumnyima dawa. Mama alimshika mkono wa shati, kisha akauachia. Hawakubishana. Baba aliondoka mvua ilipokuwa kubwa, kwa sababu mvua ikinyesha watu wa kizuizini walijikinga barazani.

Jioni Mama Rashidi alirudi kutoka kuuza. Alisimama mlangoni na sinia kichwani, kama amesahau kulitua.

"Mama Hadija," alimwambia mama, "musimungojee."

"Alifika kwa mfamasia?"

"Hapana. Hakufika."

Hiyo ndiyo habari yote tuliyowahi kupata kuhusu kifo cha baba.

Mwajuma alikufa mchana, kichwa chake kikiwa pajani pangu. Nilidhani amepata usingizi, na nilifurahi kwa ajili yake. Mama aliweka kiganja karibu na mdomo wake, akakiacha pale muda mrefu. Hatukulia. Kilio kingesikika nje.

Mama Rashidi alipenya mpaka dukani kwetu akaja na kitambaa cheupe cha mashati ya shule. Yeye na mama walimwosha kwa maji ya birika, wakamfunga sanda, wakangoja mvua. Mimi niliambiwa nibaki ndani. Nilisikia jembe likiingia ardhini, likigonga jiwe, likiingia tena. Mama aliporudi alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Sikumuuliza kitu.

Vita vilipokwisha, shangazi alituchukua tukaishi naye Bukoba, nikasoma huko. Tuliporudi Kigali nilikuwa msichana mkubwa. Tulipanga Kagarama, na mama akazoea kuzunguka njia ndefu ili asipite Muhima. Baba na Mwajuma tuliwataja kwenye dua tu. Watu walinisifu kuwa nina moyo mgumu. Kwangu ilikuwa kama mkono ulioulalia usiku kucha: unauona, unajua ni wako, lakini hauna habari na wewe.

Pengine ndiyo sababu niliifaa kazi niliyoichagua. Ninafanya tiba kwa sanaa, katika kituo kidogo kinachopokea watu waliogomewa na maneno. Wanachora, wanapaka rangi, wanafinyanga udongo. Mimi nilifundishwa kuketi pembeni yao, si mbele yao, ili sote tuangalie karatasi. Nilifundishwa nisiulize "Hiki ni nini?" bali niseme "Niambie kuhusu hapa." Nisiuguse mchoro wa mtu bila ruhusa. Nisimwanzishie rangi za maji mtu anayeogopa kuzidiwa, kwa kuwa rangi ya maji hukimbia inakotaka, na penseli hubaki pale ulipoiweka. Na mteja asitoke kabla hajarudi kutoka huko kwenye kumbukumbu: akanyage sakafu vizuri, ataje leo ni siku gani, anywe maji.

Nilikuwa hodari. Siku moja mama mmoja alifinyanga kichanga cha udongo, akakilaza mapajani mwake, akalia hadi sauti ikamwisha. Nilikaa naye, nikafanya yote niliyofundishwa, akaondoka akitembea vizuri. Kisha nikaenda kula wali na isombe ya majani ya muhogo, nikamaliza sahani. Eugenia, msimamizi wangu, mwanamke aliyekulia Tanzania na asiyependa kuzungukazunguka, alinikuta nikinawa mikono.

"Dada Hadija, umehisi nini mle ndani?"

"Alihitaji muda. Nilimpa."

"Sikuuliza habari zake. Nimeuliza zako."

Nilitafuta jibu kwa uaminifu. Niliendelea kunawa mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Basi wateja wako nitawachukua kwa sasa," alisema. "Si adhabu. Nenda ukakae kwenye kiti cha mteja."

Alinielekeza kwa Innocent, mtaalamu mwenzetu aliyekuwa na chumba Nyarutarama na ambaye hakunijua. Mwanzoni nilimchorea vitu safi, vikapu na migomba, na yeye alivipokea bila neno. Nilizijua mbinu zake zote, nikawa naziona zikija. Lakini aliponiomba nichore mahali nilipowahi kukaa muda mrefu bila kusogea, mkono ulianza kabla yangu. Nilichora chumba cha mkaa, magunia, mlango. Nje ya mlango nikaacha karatasi tupu.

"Niambie kuhusu hapa," alisema, bila kuigusa.

"Sikufika hapo."

"Nani alifika?"

"Mama."

Innocent akaniuliza kama mama angependa kuja.

Nilidhani mama atakataa. Alivaa kitenge chake cha Idi, akaja, akaketi kati yetu na mkoba mapajani.

"Mwanangu, mimi sijue kuchora," alimwambia Innocent.

"Hatutafuti picha nzuri, Mama. Nionyeshe tu ua ulivyokuwa. Ukitaka kuacha, tunaacha."

Alimpa karatasi kubwa na penseli. Mama aliishika penseli kama anavyoshika kisu cha kumenyea viazi. Alianzia mlango wa jikoni, akaenda taratibu kama mtu anayetembea: bomba, kamba ya kuanikia nguo, mparachichi, ukuta wa choo. Akapima kutoka ukutani kwa kiganja, mara moja, mara ya pili. Kisha akaiweka penseli chini, akalaza mkono wake juu ya karatasi.

"Mwajuma iko hapa," alisema.

Niliinama kuitazama karatasi.

"Mama Rashidi ndiye alichimba. Mimi nilitoa udongo na sufuria. Nilimulaza kwa ubavu wa kuume, anaangalia kibla. Alikuwa mwepesi. Homa ilikuwa imemukula."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alinigeukia, na usoni mwake kulikuwa na mshangao wa kweli.

"Hukuniuliza, Hadija. Nilisema, huyu mutoto hataki kujua. Nikakungojea."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikinyamaza ili nisimwumize.

Innocent alituomba tukanyage sakafu vizuri. Alimuuliza mama leo ni siku gani. Mama alitaja siku, akaongeza kwamba anataka kwenda Muhima.

Tulikwenda asubuhi, mimi na yeye. Mama Rashidi alikuwa amefariki zamani, na nyumba yake haikuwapo. Nyumba yetu pia. Pale palikuwa na jengo la ghorofa, na chini yake duka la magodoro. Mama alipima kwa macho kutoka barabarani, akaingia hadi nyuma ya duka, akasimama kati ya magodoro yaliyofungwa nailoni. Mwenye duka, mwanamke wa umri wangu, alidhani tunanunua. Nilimweleza. Alituletea viti, akaketi na sisi.

"Tulipochimba musingi tulikuta mifupa," alisema. "Tukaita serikali. Waliitoa vizuri, ikaenda kuzikwa na ya wengine, kwenye makaburi ya kumbukumbu."

"Kulikuwa na ya mutoto?" mama aliuliza.

"Kulikuwa na midogo, Mama."

"Na kitambaa cheupe?"

"Sikuona. Hiyo siwezi kukudanganya."

Mama alimshukuru. Huenda alikuwa Mwajuma, huenda hakuwa yeye. Kwenye kaburi lile wamelazwa wengi wasiojulikana majina, na hakuna wa kutuambia zaidi. Nilijaribu kumwona dada yangu akiwa mwanamke, mwenye watoto na madeni ya ada na maneno makali kwa mumewe. Nilishindwa. Sina hata picha yake moja.

Nilingoja kilio. Hakikuja. Kilichokuja ni baridi mapajani, pale kichwa chake kilipokuwa, nami nikafunika hapo kwa viganja vyangu viwili. Mama aliniona. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, akauacha hapo hadi joto likarudi.

Kisha tulisimama, mama akafungua viganja, nami nikafungua vyangu, tukamwombea Mwajuma tukiwa tumeelekea alikolazwa mara ya kwanza. Mwenye duka, mwenye msalaba shingoni, aliinamisha kichwa. Mteja mmoja aliingia, akatuona, akasubiri mlangoni.

"Na dua ya baba yako," alisema mama.

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kwa baba hatukuwa na ukuta wa kupimia, wala mti, wala mtu wa kumuuliza. Basi hatukugeuka popote. Tulibaki tumesimama vilevile, viganja wazi, mama akaanza.