Perege wa Bi Mwatumu na Wapangaji Wao

Mwaka 1956 Bi Mwatumu binti Hatibu, mkaanga samaki wa Pongwe, nusura afunge biashara kwa sababu ya mzaha. Ubaya wa mzaha huo ni kwamba ulikuwa na ukweli ndani yake.

Alizaliwa Mwera, upande wa Pangani, katika ukoo wa Kizigua uliokula samaki wa mtoni bila kuona haya. Aliolewa Pongwe na Uweso, mtega migono, ile mitego ya fito inayozamishwa majini. Huko alikuta watu waliozoea changu na tasi wa baharini, ambao perege walimwita samaki wa tope. Hakubishana nao. Aliteleka karai lake kando ya njia iendayo mashamba ya mkonge, mahali walipopita jioni manamba, vibarua wa mkataba kutoka bara, wenye njaa nyingi na ubaguzi mdogo. Aliwauzia perege mzima, mkavu, na pilipili ya kupondwa. Biashara ikasimama.

Mteja wake mkubwa, na msumbufu kuliko wote, alikuwa Luka, Mnyamwezi, nyapara wa wakata mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako au kukwapua kanga yako kwenye kamba. Ukikasirika, umeshindwa.

Jioni moja Luka alivunja perege wake vipande viwili, akaona chini ya ngozi kitu cha manjano, kadiri ya punje ya mtama. Akakiinua juu.

"Jamani, njooni! Mzigua huyu anatuuzia mnyoo, kisha anaufungia ndani ya samaki kama zawadi!"

Watu wakacheka. Bi Mwatumu naye akacheka, kama sheria inavyotaka.

"Hiyo nyongeza, mtani. Nilijua umezoea kumbikumbi, nikaona nisikubadilishie chakula ghafla."

Kwa maneno alishinda. Kwa biashara alishindwa vibaya. Jioni zilizofuata manamba walivuka barabara mapema, wakaenda kwa muuza mihogo, na kila aliyepita alimwuliza mfugo wake unaendeleaje. Hakuweza kuapa kwamba ni uongo, maana kumwapia mtani ni kukasirika. Perege waliobaki waliliwa nyumbani, mpaka Uweso akauliza kama kunde zimepigwa marufuku. Karai likifungwa, kazi iliyobaki kwa mwanamke wa pale ilikuwa kupalilia mkonge, na msimamizi wake angekuwa Luka.

Hali ilikuwa hiyo alipofika Bwana Fanueli, Mpare wa Gonja, msomi kutoka ofisi ya samaki, na sanduku la chupa na hadubini. Alitumwa kuchunguza minyoo na wadudu wanaoishi katika perege: ni wa aina gani, wanakaa sehemu gani ya mwili, na nani anakaa na nani. Alimwomba Uweso vikapu viwili, kimoja cha samaki wa mtoni, cha pili cha samaki wa lambo la shamba, wasichanganywe.

Uweso aliviacha vikapu nyumbani, akamwambia mkewe ni vya mgeni, akaenda kulala. Kwa watu wa Mwera, kumpa mgeni samaki mwenye magamba na matumbo yake ni kumwambia arudi alikotoka. Bi Mwatumu akawapaa, akawatumbua, akang'oa matamvua yale mekundu wanayovutia pumzi, akawaosha kwa ndimu, akawatia chumvi. Kisha, kwa kuwa walikuwa wa mgeni mmoja, akawapanga wote kwenye ungo mmoja.

Bwana Fanueli alifunua ungo, akageuza samaki mmoja mmoja.

"Shikamoo, Bi Mwatumu. Matumbo yako wapi?"

"Marahaba, baba. Paka wameshukuru."

"Na matamvua?"

"Hayo na kuku. Wewe mgeni, nikupe samaki na uchafu wake, kwetu waseme nini?"

"Mama, mimi nimefuata huo uchafu."

Bi Mwatumu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama kijana aliyesomeshwa kupita kiasi. Siku ya pili alimletea samaki wasiopaliwa, kila kikapu peke yake, amewafunika majani ya mgomba majirani wasimwone, akaketi kushuhudia aibu yake mwenyewe.

Alichoonyeshwa kwenye hadubini kilimfanya asahau aibu. Wadudu walioshika matamvua kwa kulabu zao hawakuonekana tumboni. Wa tumboni nao hawakuonekana penginepo, na hata humo wengine walikaa mwanzoni mwa utumbo, wengine mwishoni.

"Kumbe ni nyumba ya kupanga, kama zile za Ngamiani kule mjini," alisema. "Kila mtu na chumba chake."

"Ndivyo. Na nyumba kubwa kwa kawaida ina wapangaji wengi zaidi."

"Na huyu wa manjano?"

Bwana Fanueli alikuwa amemkuta katika samaki wa lambo tu, tena si wote. Wengi hawakuwa naye kabisa. Wachache walikuwa wamembeba kwa wingi, kana kwamba wamewabebea wenzao. Alieleza kwamba mnyoo huyo hutoka kwa konokono, huingia kwa samaki, hukomaa kooni mwa ndege anayemla samaki. Lambo lilijaa konokono, na kingo zake zilijaa korongo. Mtoni maji yalikwenda kasi, konokono hawakupata pa kukaa.

"Karai halimuui?"

"Linamuua. Halimfichi."

Bi Mwatumu alimgeukia mumewe. "Uweso, unatega lambo tangu lini?"

"Mto uko mbali, mke wangu."

"Tangu leo uko karibu."

Kisha akampelekea Luka ujumbe: aje na watu wake wote, achague samaki mwenyewe, Bwana Fanueli ampasue mbele yao. Mnyoo wa manjano akionekana, Bi Mwatumu atapalilia mkonge wa nyapara bila malipo hadi masika. Asipoonekana, Luka atabeba kikapu cha samaki kutoka mtoni hadi Pongwe, amevaa kanga. Luka alikubali kabla mjumbe hajamaliza.

"Mtoni sikumwona," Bwana Fanueli alimwonya Bi Mwatumu pembeni. "Sikusema hayumo."

"Nimesikia," alijibu, akakaza kanga kiunoni.

Watu walijaa. Maalim Sadalla wa madrasa alipita, akauliza kama hiyo si kamari.

"Utani, maalim," Bi Mwatumu alimjibu.

"Ah, basi," akasema, akasogea mbele aone vizuri.

Luka alichagua perege mnene kuliko wote. Bwana Fanueli akafunua matamvua, akaonyesha wadudu. Watu wakapiga kelele. Akapasua tumbo, akavuta mnyoo mweupe. Luka akaanza kucheza.

"Bado nyama," alisema Bwana Fanueli.

Akachuna ngozi, akakata mnofu vipande vyembamba, akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga. Hakikuonekana kitu. Luka akadai wa pili. Kwa huyo pia, hakuna.

"Lakini umesema ana minyoo!" Luka alifoka.

"Anayo. Wa matamvuani na wa tumboni, na matamvua na matumbo Bi Mwatumu huyatupa."

"Nyapara amekasirika!" mtu alipiga kelele nyuma, na hapo Luka akawa ameshindwa mara mbili. Hakuna aliyeuliza samaki wametoka maji gani. Bwana Fanueli alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa.

Luka alibeba. Alivaa kanga nyekundu ya Bi Mwatumu, kikapu kichwani, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni, na manamba waliotoka kazini wakamfuata kundi zima hadi kwenye karai, ambako, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufika na harufu ni ile, walinunua.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Pangani," Bi Mwatumu alimwambia huku akigeuza samaki. "Wewe perege tu unalalamika?"

"Pembe hazinuki, mtani. Niwekee wawili kabla hawa mbwa hawajamaliza."