Herufi Zenye Kivuli

Mimi ndiye niliyekosa. Simsingizii shetani wala ujana, na jina langu silitaji kwa sababu ya aibu, basi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja kidogo hapa Ukunda, mtoto wa bara niliyeletwa pwani na mama, aliyekuwa dobi hotelini Diani. Mwaka wa mwisho tulitakiwa kutengeneza filamu fupi. Mimi nikawa mwongozaji, na mwenzangu, ambaye nitamwita Mwanakombo, akashika kamera. Tuliwarekodi akina mama wa Gazi wanaopanda mikoko, nao walitupokea vizuri mno.

Likabaki jambo moja: herufi za mwanzo, zile za jina la filamu na majina ya watu. Mwanakombo akasema baba yake atatuandikia. Mzee alikuwa fundi wa mabango. Mabango mengi ya hoteli za Diani yalitoka mkononi mwake, mpaka kompyuta zilipoingia na kazi ikakauka. Sasa meneja wa hoteli alikofanya kazi mama yangu angekuja siku ya maonyesho, naye alikuwa akitafuta mtu wa kuandika mabango ya mkahawa mpya. Mwanakombo aliniambia wazi kuwa baba yake anaitegemea siku hiyo.

Mzee hakuwa mtu wa kuandika jina la mtu kwa kusikia tu. Alipanda baiskeli mpaka Gazi kumwuliza kila mama anapenda jina lake liandikwe vipi. Kisha akapaka vibao saba, akavifunga pamoja kwa kamba ya katani, akavileta kwetu. Nikamwamkia shikamoo, nikavipokea kwa mikono miwili, na alipoondoka nikavisukuma uvunguni mwa kitanda.

Kwa nini? Ushamba wangu! Moyoni nilishaamua kuwa kazi ya brashi ni ya vibanda vya samaki. Nilitaka filamu yangu ionekane ya kisasa.

Binamu yangu alikuwa karani hotelini, na kwenye kompyuta ya ofisi yake nilishinda alasiri tatu nikichagua herufi. Nikazipenda zile nyembamba, zilizolala upande, zenye kivuli. Majina ya akina mama niliyakata ili yatoshee kwenye mstari. Nikachapisha karatasi na kuzirekodi mwenyewe.

Mwanakombo alipouliza, nikamwambia, "Vibao vya mzee havikutoka vizuri. Kwenye kanda maandishi yanaonekana yametetemeka."

Akauliza kama ni rangi au ni mkono. Nikasema ni mkono. Ee Mungu wangu, kwa nini nilisema mkono!

Hakuwa na moyo wa kumwambia baba yake. Siku yenyewe mzee alikuja mapema, kanzu imepigwa pasi, akaketi mstari wa mbele pamoja na akina mama wa Gazi. Kanda ikaanza. Herufi zangu zilichezacheza kwenye televisheni kama sisimizi, hata mimi sikuweza kuzisoma. Akina mama wakakodoa macho wakitafuta majina yao.

Meneja akauliza herufi zile kaandika nani. Nikajibu kwa majivuno kuwa ni kompyuta. Akasema kompyuta hata ofisini kwake ipo, yeye aliambiwa kuna fundi wa mkono. Fundi mwenyewe alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake, na mimi nikafyata ulimi! Filamu haijaisha, kiti cha meneja kilikuwa kitupu.

Baadaye mzee alinifuata mlangoni. Binti yake alikuwa ameshamweleza niliyoyasema juu ya mkono wake.

"Haidhuru, mwanangu," akasema. "Mkono umechoka. Nilikuwa nikiuona, nikajidanganya tu."

Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi! Wiki ile ile akagawa brashi zake zote.

Siku chache baadaye Mwanakombo alikuja kuchukua vibao. Nikavivuta kutoka uvunguni bila kufikiri. Akaishika ile kamba, akaitazama muda mrefu.

"Hili fundo ni la baba," akasema. "Hukuvitazama hata kimoja."

Akajitwika vibao vyake akaenda, na tangu hapo tukikutana njiani huniitikia salamu tu. Nilisikia kwa watu kwamba alimweleza baba yake ukweli wote, lakini mzee alidhani binti anamliwaza. Brashi hakuishika tena. Mimi ndiye niliyepaswa kwenda kumwambia kwa kinywa changu, nikaahirisha na kuahirisha mpaka nikasikia amezikwa.

Ndugu yangu unayesoma, ukiletewa kazi ya mtu, ikatae ukitaka. Lakini ifungue kwanza, uione! Herufi zangu nazikumbuka hadi leo, kila moja na kivuli chake. Za mzee sijui hata zilikuwa za rangi gani.