Nukta Ambayo Bi Dhamdhere Amekataa Kuifuta

Saa tatu na robo asubuhi, sahani ya poha, mchele bapa wa kifungua kinywa, imepoa kando ya kompyuta, na Vaijayanti Dhamdhere ameshika kalamu asiyotaka kuitumia.

Mbele yake kuna fomu ya usafi. Katika kituo hiki cha data za anga mjini Pune, picha ya eksirei haitoki bila saini ya karani aliyeisafisha. Ya leo ni ya galaksi jirani, jirani kwa hesabu za wanafalaki, inayofyatua mkondo mrefu wa chembe kutoka kiinini. Darubini za redio zimeuona mkondo huo ukipinda. Hapo hapo penye kona, satelaiti ya eksirei imenasa fotoni kumi na tisa tu, chembe za mwanga zilizoacha nukta moja pichani.

"Futa," anasema Dk Phadnis, mkuu wa kitengo. "Hiyo ni pikseli mbovu. Inajiwasha yenyewe."

"Sifuti, Daktari."

"Bi Dhamdhere, data zinatoka kesho mchana!"

"Basi zitoke na nukta yangu."

Meza ya pili, karani mwenzake Hemlata anashindwa kujizuia. "Shoga, hata mumeo hujawahi kumtetea hivyo!"

"Mume wangu ana mdomo. Hii haina."

Ana miaka hamsini na mbili. Aliajiriwa kama mpiga chapa mwaka ambao kiwanda cha baiskeli kilimwachisha mumewe kazi. Leo analipwa rupia elfu thelathini na nne kwa mwezi. Shahada hana, woga pia hana.

Ubishi wake una sababu. Satelaiti huyumbishwa taratibu, kwa makusudi. Kompyuta huuondoa myumbo huo kabla ya kuchora ramani, kila kitu kikaonekana kimetulia. Wenye shahada hutazama ramani. Yeye, kwa mazoea ya upiga chapa, husoma orodha ghafi, mstari kwa mstari.

"Pikseli mbovu haitembei," anasema, akimsukumia Phadnis karatasi. "Ingekuwa hiyo, fotoni zote zingeangukia mahali pamoja kwenye kamera. Hizi zimeangukia pikseli kumi na saba tofauti, zikifuata myumbo. Hesabu mwenyewe."

Phadnis anahesabu kwa kidole. Anavuta kiti.

"Mbona hukusema juzi?"

"Nilisema. Ulikuwa na ramani yako."

Si ubishi wa bure. Chembe zinazong'aa kwa eksirei huishiwa nguvu upesi. Kama zinawaka mbali hivyo na kiini, basi kuna kitu kinachozichochea upya palepale.

"Wataalamu walidhani mkondo ukifika pale umeshakwisha," anasema Vaijayanti. "Haujakwisha. Unapigana."

Nukta imebaki, na alama ya "haijathibitishwa" pembeni. Fotoni kumi na tisa hazitoshi. Kwa hiyo anajaza ombi la kuitazama galaksi hiyo tena, kwa muda mara tano ya ule wa kwanza.

"Weka jina langu juu," anashauri Phadnis. "Lako tutaliweka kwenye shukrani, mwisho wa makala."

"Shukrani nimepewa mara arobaini, Daktari, na thelathini jina limekosewa. Langu la kwanza, lako la pili."

"Kamati inayogawa muda wa satelaiti itauliza shahada yako."

"Iulize. Ikikataa Juni, nitaomba Desemba. Nimebakiza miaka minane nistaafu," anasema, akiandika jina lake kwa herufi kubwa. "Hayo ni maombi kumi na sita. Tuone nani atachoka."