Gia za Kitanda cha Shemeji

Shemeji yangu ni fundi wa mageti. Mtaa mzima wanamwita Bwana Geti, na siku akiitwa kwa jina lake hugeuka kutafuta ni nani anayeitwa. Amemuoa dada yangu mkubwa, na mimi, mshona nguo, nimepanga chumba upande wa pili wa ua wao. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyasukuma kwa mikono.

Dada haoni tangu utotoni. Kazi yake ni kupokea simu za hospitali, na madaktari anawajua hata wakikohoa tu. Shemeji naye aliumia mgongo kwa kubeba geti peke yake, ubishi tu, na tangu hapo hawezi kuinama juu ya baiskeli ya kawaida. Basi akachomelea ya kwake. Magurudumu matatu ili isiangushe mtu, viti viwili vya kuegemea, yeye mbele na mkewe nyuma, miguu yote minne imenyooshwa kwenye pedeli. Pedeli zenyewe zimeunganishwa kwa cheni, mmoja akikanyaga, miguu ya mwenzake inazunguka atake asitake. Watu walipowaona barabarani wamejilaza namna ile wakaiita kitanda. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikazoea.

Kitanda kilimpeleka dada kazini vizuri tu, mpaka hospitali ilipohamishia simu kwenye jengo jipya kule juu mlimani. Mlima ule si wa mchezo. Magari ya abiria yanaishia chini, na barabara haina pembeni ya kutembelea, malori ya kokoto yanapita yanakukwaruza mbavu. Kitanda kikifika robo ya mlima kinakata pumzi. Ikabidi dada awe anapandishwa na wafanyakazi wenzake, huku wamemshika mkono wa blauzi. Na dada yangu ni mtu wa kujitegemea mpaka anaudhi.

Siku moja kioo cha lori kikamgonga bega. Hakuumia sana. Jioni ile, akiwa anaosha vyombo, akatuambia ameshamwambia msimamizi wake kwamba wiki ikiisha, na yeye basi. Alisema kama mtu anayesema sabuni imekwisha. Kazi aliyoipigania ujana wake wote, anaiacha kwa sababu ya mlima! Mimi nilipandwa na hasira nikaanza kufoka, sijui namfokea nani. Shemeji akatoka nje.

Kesho yake akarudi kutoka kwa fundi baiskeli na kifurushi. Ndani mlikuwa na friwili, yaani gia za gurudumu la nyuma, ya baiskeli ya milimani, gia yake kubwa pana kama kifuniko cha sufuria, na gia ndogo ya kufunga mbele. Akanieleza kwamba mbele meno yakiwa machache na nyuma mengi, mguu unakuwa mwepesi, unakwenda polepole lakini unapanda. Cheni ya kitanda ni ndefu, imeungwa kwa cheni za baiskeli kadhaa, naye akaiongeza tena. Kile kiwiko cha kubadilishia gia akakifunga kwenye kiti chake, mkono wa kulia. Uani ilizunguka laini kabisa. Akaosha mikono akipiga mluzi.

Tukaenda kujaribu. Mimi nyuma kwa miguu na kabari ya mbao, ili kitanda kikirudi nyuma nikizuie. Tulipovuka mtaro, pale mlima unapoanza kukaza, nikasikia cheni inagonga, inagonga, halafu kaa! Imeruka. Kitanda kikaanza kurudi. Breki zikalia bila kushika. Nikalitupia kabari gurudumu la nyuma, likasimama karibu na vidole vyangu. Dada alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

Shemeji akailaumu friwili, akamlaumu fundi baiskeli, akailaumu waya. Akakaza kila kinachokazika. Kesho yake tukarudi, na cheni ikaruka palepale. Wiki ilibaki siku moja.

Tuliporudi nyumbani akainua gurudumu la nyuma juu ya kreti, akamkalisha dada kwenye kiti chake azungushe, yeye akawa anabadili. Gia zikapanda na kushuka bila tatizo. Akabaki ameshika kiuno.

"Gia hazina ubaya," dada akasema. "Nilikwambia badili tangu mtaroni. Hukunisikia."

"Nilisikia."

"Hukusikia, baba watoto. Ulingoja mpaka miguu ikashindwa, ndipo ukaivuta gia kwa nguvu na mzigo wote uko kwenye cheni. Lazima iruke."

Hapo ndipo penye kidonda. Masikio ya shemeji yameliwa na mashine ya kukatia vyuma. Sote tunajua, na yeye anajua, ila akiulizwa anajitia hamnazo. Kwenye barabara tulivu dada humwambia badili, naye hubadili, ndivyo walivyozoea. Mlimani, malori yakinguruma, sauti ya mkewe haimfikii.

Mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Shemeji, gia mpe mwenye masikio."

Akanigeukia. "Dereva ndiye mwenye gia. Wapi umeona abiria anabadili gia?"

"Abiria nani?" dada akauliza. "Mimi sikanyagi?"

"Unakanyaga, lakini mlima huuoni."

"Nauona kwa miguu. Najua umekaza kabla wewe hujajua."

Nilidhani shemeji ataingia ndani akatununie mpaka asubuhi. Badala yake akavuta boksi la spana, akaketi chini, akaanza kukifungua kile kiwiko. Akakihamishia nyuma, kwenye mkono wa dada, akaweka waya mpya. Alipokwisha ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, atajuaje kwamba ni wakati wa kulegeza miguu ili gia iingie.

"Nitalegeza mimi kwanza," dada akamwambia. "Pedeli zimeungana. Zitakwambia."

Asubuhi ya siku ya mwisho tukapanda tena. Nilishika kabari kama nashika mtoto. Kabla hata ya mtaro nikaona kidole cha dada kinasogea. Miguu yote minne ikalegea pamoja, cheni ikapanda, tk, miguu ikakaza tena. Baada ya mtaro, tena. Kwenye kona, tena. Mwendo wenyewe wa kobe, mama mmoja mwenye ndoo kichwani alitupita akatuuliza kama tuna msiba. Lori likapita likituvurumishia vumbi. Hakuna aliyesema neno, na cheni haikuruka.

Tulipofika juu nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba wiki nzima, jamani, nikaketi kwenye ukingo wa maua nikacheka peke yangu kama mwehu. Shemeji alijilaza palepale kitini, jasho linamtiririka, anatazama mawingu. Dada akashuka, akajikung'uta vumbi, akafungua fimbo yake ya kukunja.

Msimamizi wake alikuwa mlangoni. Alituangalia, akaangalia lile dude letu, akamwambia dada taratibu, "Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kazini," dada akasema. "Hiyo simu inalia tangu tunaingia getini. Mbona hakuna anayepokea?"