Kadi ya Picha Isiyo na Feni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa kompyuta. Nilikuwa nimetoka Mang'ula, ambako nilipiga taipu mwaka mzima kwenye ofisi ya kata. Pale Ifakara, Mratibu wa mradi wa kilimo alinielekeza kwenye chumba chenye meza mbili. Ya kwanza ilikuwa na taipureta. Ya pili ilikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni.

"Hiyo ni ya mtaalamu, binti. Wewe kaa hapa."

"Mtaalamu yuko wapi, Mzee?"

"Anakuja kutoka Dar."

Alikuja mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote kazi niliifanya mimi. Nilijifunza kwa kubonyeza na kukosea, na ndani ya miezi michache ramani zote za mashamba ya mpunga nilikuwa nazichora mimi. Nawaandikia ninyi mabinti mnaomaliza kidato cha nne na kuambiwa kwamba mashine hizi si zenu.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya boksi la kompyuta kuna bao kubwa linalounganisha vipande vyote, na kwenye bao hilo huchomekwa kadi ya picha. Hiyo ndiyo inayopeleka picha kwenye skrini. Picha ni nukta, maelfu kwa maelfu, na kila nukta inataka mahali pa kukaa kwenye kumbukumbu ya kadi. Kadi ikiwa ndogo, unachagua: picha pana yenye rangi chache, au rangi nyingi kwenye picha finyu. Ukitaka ukurasa mzima uonekane vizuri na rangi zote, megabaiti mbili hazitoshi. Nne zinatosha. Zaidi ya hapo unalipia michezo ya kurusha ndege.

Mtaalamu akatuletea kadi ya michezo. Kubwa, na ina feni yake mgongoni.

"Kaka, jirani yetu ni mashine ya kukoboa mpunga," nikamwambia. "Hiyo feni itavuta pumba."

"Dada, wewe chapa barua."

Mratibu akaamua kesi. "Ifunikeni na kitambaa, vumbi halitaingia."

"Ikiwa inafanya kazi, Mzee? Itapumulia wapi?"

"Kompyuta si mtu."

Kadi hiyo ilimaliza msimu mmoja tu wa mavuno. Pumba laini ikajaa kwenye feni, feni ikalia kama nyigu, ikanyamaza. Skrini ikatoa mistari, kisha giza. Nilifungua boksi mbele ya Mratibu nikamwonyesha ile pumba kwa kidole. Aliitazama, akaenda kuandika kwenye ripoti: uzembe wa mwendeshaji. Mwanangu Neema alikuwa na miezi mitano, kwa hiyo ripoti hiyohiyo ikaongeza kwamba ninanyonyesha ofisini. Nikaachishwa kazi. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nina miaka ishirini na sita. Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani na soda.

Nikaapa nitakuwa na mashine yangu, nyumbani kwangu. Boksi kuukuu, bao, diski, skrini, printa ya mtumba, nilivitafuta kimoja kimoja. Ikabaki kadi ya picha tu, na Mama yangu akauza mpunga wa shamba lake la Sanje ili niinunue. Nilikuwa nimeshakubali kazi ya kamati moja ya harusi: kadi za mchango, zenye maua ya rangi, zifike kabla ya kikao cha Jumapili. Ningenunua kadi ya picha isiyofaa, mpunga mwingine wa kuuza haukuwepo, na hiyo kazi ingekwenda kwa mwingine.

Nikapanda basi la Morogoro, boksi zima mapajani, Neema mgongoni. Muuzaji alikuwa jamaa wa makamo, kalamu tatu mfukoni.

"Mama, chukua hii. Megabaiti kumi na sita, ina feni, mpya kabisa."

"Nipe ile ya megabaiti nne." Ilikuwa na kipande cha alumini mgongoni cha kutolea joto, bila feni.

"Ile ya wazee? Utajuta."

"Na hiyo yako itaingia kwenye bao langu?"

"Itaingia tu."

"Chomeka nione."

"Duka si karakana, mama. Nunua, utaona nyumbani."

Nyumbani! Nikaketi sakafuni, palepale mlangoni, nikamshusha Neema nikaanza kumnyonyesha. Wanaume wawili waliotaka kuingia wakabaki nje wakisoma bango la sabuni.

"Mama, inuka basi, unanifukuzia wateja."

"Chomeka."

Akafungua boksi. Kadi yake kubwa ikagoma. Meno yake yalikuwa ya nafasi ya aina mpya, na bao langu ni la zamani. Akasukuma.

"Ukilivunja hilo bao, tutalala wote humu," nikamwambia.

Akaacha. Ile ya megabaiti nne ikaingia bila kelele. Akaunganisha skrini ya dukani, akawasha, herufi zikatokea, akanyoosha mkono apokee hela.

"Bado. Tanua picha, weka rangi zote."

Akasonya, akaweka. Skrini ikazimika. Moyo wangu nao. Kisha ikarudi, pana, nikampa disketi yangu afungue ua nililochora. Likatokea waridi jekundu, lote, mpaka mishipa ya majani.

"Umesomea wapi?" akaniuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Funga boksi, basi linaondoka."

Jumapili nikaziweka kadi mezani mbele ya kamati. Mwenyekiti, mzee mmoja wa Kipogoro, akazigeuza mbele na nyuma.

"Fundi ni mumeo?"

"Shikamoo, Mzee. Sina mume. Nina kadi ya megabaiti nne."

Akina mama wa kamati wakaangua kicheko, na mmoja akaniagiza za kipaimara cha bintiye kabla kikao hakijaisha.

Wanaokuja kunipa pole ya kuachishwa kazi, warudi nayo. Sitaki. Nanyonyesha nikitaka, nachora nikitaka, na Jumamosi nasafisha vumbi la boksi kwa brashi. Na ninyi, mkienda kununua, jueni kwanza kazi yenu inataka nini, muikatae kadi ndogo na muikatae ya kujionyesha. Muuzaji akisema itaingia tu, kaeni sakafuni mpaka aichomeke.