Mguu wangu ulikuwa ukatwe chini ya goti. Festo wa Mpemba, njoo ujibu hapa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni darasa la saba, mwandiko wangu mtanivumilia. Haya yamenipata mwenyewe, kwenye mguu huu wa kulia, sikusimuliwa.

Daktari alichukua kalamu ya wino akachora mstari chini ya goti langu.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa pembeni amejiziba pua na kitenge kwa sababu ya harufu. Harufu yenyewe ni mimi.

Nikauliza, "Dokta, huo mstari wa nini?"

"Wa kesho, mzee wangu."

Sasa turudi nyuma.

Mimi ni fundi tairi kwenye mji mdogo wa Mpemba, pale malori yanapopanga foleni kwenda mpakani. Siku moja nilikanyaga waya wa tairi kuukuu, ukapenya kandambili ukaingia karibu na kidole kidogo. Nyaya hizo zimenichoma sana maishani. Nachomoa, kazi inaendelea.

Huu ukagoma kupona.

Nikaenda kwa Festo. Namtaja na sijali. Ana duka la dawa hapo hapo, anavaa koti jeupe, watu wanamwita dokta na anaitika. Akanipa vidonge vya rangi mbili. "Vingine meza, vingine fungua umwage unga wake kwenye kidonda, kitakauka."

Juu kikakauka kweli, kikafanya gamba. Chini kinachemka. Nikirudi ananipa vilevile.

Safari nyingine akasema, "Umeishiwa nguvu, kaka. Chukua glukosi." Nikawa nakoroga glukosi nakunywa kama mtoto.

Nilipolala ndani wakaja akina mama wa kanisani. Hao sina kesi nao, Mungu awabariki. Mnajua kwetu mgonjwa anapelekewa soda. Nyeusi ya kuongeza damu, ya machungwa ya kuondoa uchungu mdomoni. Uvunguni kwangu kulijaa kreti. Na kiu haiishi, nashushia tu.

Aliyeniokoa ni dereva Mzambia, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja kunitazama, akaniona nimetoka kukojoa, nimerudi, nimekunywa, nimetoka tena.

"Mudala," ndivyo anavyoniita, kwao maana yake mzee, "unavuja kama rejeta mbovu. Umepima sukari?"

"Sukari ugonjwa wa matajiri, bwana."

"Mama yangu utajiri wake ulikuwa viazi vitamu, na mguu wakakata. Iwe, wewe, inuka."

Akaacha trela, akanipakia kwenye kichwa cha lori mpaka hospitali. Wakanichoma kidole, tone la damu wakaweka kwenye kimashine. Kikashindwa kusoma, sukari imezidi kipimo. Ndiyo siku ya mstari.

Kesho yake, kabla ya kisu, yule daktari akaweka vidole juu ya mguu wangu, karibu na kifundo, akatafuta mapigo. Akasema mapigo yapo, damu inafika. "Tushushe sukari kwanza. Mguu ukikubali, mstari tunaufuta."

Alivyonieleza naandika nilivyoelewa mimi. Chembe za mwili zinakula sukari. Ukiumia, askari wa mwili wanakimbilia kidonda, wanachoma sukari haraka haraka wapate nguvu ya kupigana. Hapo panavimba, panakuwa pa moto, na ni sawa. Vita ikiisha wanatakiwa watulie, wabadilishe namna ya kula, waanze kujenga nyama.

Mimi damu ilijaa sukari, askari wakavurugika. Wadudu wa kidondani hawawamalizi, kutulia hawatulii. Wanaendelea kuchoma nyumba yangu mwenyewe.

Nikamwambia, dokta, hiyo ni kama kwetu: malori yamejaa shehena foleni nzima, geti limefungwa, ng'ambo maduka matupu. Akacheka. "Insulini ndiyo inafungua geti."

Wakaondoa kidole kidogo na nyama iliyooza. Nikachomwa insulini, nikapewa dawa za wadudu, kidonda kikawa kinaoshwa kila siku. Soda zote Mama Neema akagawia majirani.

Sukari ilipoanza kushuka, kidonda nacho kikabadilika. Pembeni kukaja wekundu mbichi, kama ndani ya pera. Muuguzi akasema, "Nyama mpya hiyo, baba." Mama Neema akatoka nje kulia.

Leo natembea, nimerudi kijiweni na viatu vya kufunika. Kovu ni nene, limevutika kama kiraka kilichobandikwa vibaya. Daktari anasema ni kwa vile kidonda kilikaa na moto muda mrefu. Mimi nalipenda hivyo hivyo. Ule mstari wa wino ulitoka kwa sabuni.

Nilichojifunza: kidonda kikigoma, pima sukari kabla hujanunua chochote. Na mgonjwa mpelekee mboga na samaki, soda acheni dukani.

Sasa Festo.

Kile kimashine cha hospitali nilikitambua. Unacho kwenye kaunta yako, karibu na redio. Asubuhi nikiingia nilikuwa nakukuta umejichoma kidole, unasoma namba, ndipo unanihudumia. Sikujua ni cha nini.

Wewe mwenyewe una sukari, Festo. Kiu unaijua. Kukojoa unakujua. Na kidonda changu ulikifunua ukakitazama.

Juzi nimemwona mama mmoja wa kijiji cha Msangano anatoka kwako anachechemea, mkononi vidonge vya rangi mbili. Nimempeleka mwenyewe hospitali kupima sukari.

Wakuu, mwenye uzoefu aseme, na anayejua pa kumshitaki anielekeze. Ila nataka Festo atangulie kujibu, najua humu umo. Kidole chako ulikuwa unakichoma kila siku mbele yangu. Changu kilikushinda nini?