Kiraka Chini ya Ufizi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na sita hajawahi kumkabidhi mteja nguo bila kuipitishia ukucha. Akimaliza kushona anakata uzi, anaitandaza nguo pajani, halafu anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayesikiliza. Ukucha ukikwama, mshono haujalala, anafumua, hata kama jicho halioni kitu.

"Jicho linadanganywa na rangi," husema. "Ukucha haudanganywi."

Mwaka huu gego lake la chini, upande wa kushoto, likaanza kumsumbua. Upande wa kulia alishang'olewa mawili, kwa hiyo hilo la kushoto ndilo la kutafunia. Lilikuwa limetoboka shingoni, pale jino linapoingia kwenye ufizi, na tundu likashuka hadi chini ya nyama. Alivumilia kwa maji ya chumvi mpaka shavu likawa kama ameficha ndimu, ndipo akakubali kwenda kwa daktari wa meno. Mimi nilikwenda naye kumshikia mkoba.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, asiye na haraka ya kung'oa. Aliusukuma ufizi kando kwa uzi mwembamba, akakausha tundu, akaliziba kwa dawa nyeupe inayoganda kama saruji, akakaa muda mrefu akilainisha kingo. Kisha akasema:

"Mama, nikueleze jambo moja. Ufizi unaushika mzizi wa jino lenyewe. Hiki nilichoweka hautakishika hivyo. Utakaa tu ubavuni pake, kama jirani. Ukikuta pako laini na safi, utatulia. Ukikuta mikwaruzo au uchafu, utavimba, utatoa damu, na ukiendelea hivyo utashuka, na mfupa nao utaufuata."

"Na usipotulia?"

"Tutaona. Huenda nikaupunguza kidogo. Huenda jino likatoka. Piga mswaki laini, sukutua kwa maji ya chumvi, urudi baada ya wiki tatu."

Wiki ya kwanza damu ilitoka, tukasema ni kidonda kipya. Wiki ya pili ikatoka zaidi. Kila asubuhi mate yake kwenye karai yalikuwa mekundu, na ufizi ulikuwa umetuna na kung'aa.

Chumba cha kushonea anakitumia pamoja na fundi wa pasi, mzee wa maneno mengi kuliko mashati anayonyoosha.

"Dada, hilo jino limekikataa kiraka kama mkwe asiyetakiwa," akamwambia. "Ling'oe. Meno ni wapangaji, msumbufu anatolewa."

"Nikimtoa huyu nyumba imebaki tupu. Wewe utanitafunia nyama?"

"Nitakutafunia, mradi usiniulize ladha imekwenda wapi."

Shangazi alicheka, kisha akalishika shavu.

Siku ya kurudi ilipokaribia alikuwa ameshakata shauri kwamba ling'olewe. Hakulia wala hakulalamika. Ila jioni moja nilimkuta amegeukia ukuta, anakula mkate uliolowekwa kwenye chai bila kutafuna, anaubana kwa ulimi na kumeza. Alikuwa anajizoeza. Niliondoka bila kukohoa.

Kwa daktari alijilaza kwenye kiti akasema kabla hajaulizwa, "Ufizi umekataa. Toa tu."

Daktari akawasha taa, akazungusha kijiti chake cha chuma kulizunguka jino, mara moja, mara mbili. "Dawa iko sawa," akasema. "Kingo ni laini, hakuna mahali panaponasa. Lakini ufizi una alama ndogo ndogo zilizopinda, kama mwezi mchanga. Mama, unachokonoa na nini?"

"Sichokonoi, daktari. Hata njiti sijaitia."

Daktari akavua glavu, akageukia meza kuandika. Kile kiti kiliwahi kuchanika kwenye mkono wake, na mtu alikuwa amekishona. Shangazi akiwa amelala, anaangalia dari, kidole gumba chake kikaanza safari juu ya mshono ule. Kikafika mwisho, kikarudi. Kalamu ya daktari ikasimama.

"Mama."

"Naam."

"Mkono wako unafanya nini?"

Shangazi akautazama mkono kana kwamba kuna mtu aliyeusahau pale. "Huu mshono umevuta hapa mwisho," akasema.

"Na ule wa mdomoni?"

"Ule nao naupitia," akakiri kwa sauti ndogo. "Kidogo tu. Nataka kujua kama umelala."

"Mara ngapi kwa siku?"

Alinitazama mimi. Mimi si msemaji, lakini nikiulizwa sisemi uongo. "Kila akimaliza nguo moja," nikasema. "Na siku hizi ana sare za shule, kama kumi na mbili kwa siku."

Daktari alicheka mpaka akavuta kiti akaketi. "Sikiliza, mama yangu. Sare ukiigusa mara mia inabaki vilevile, haina uhai. Ufizi uko hai. Kila siku unajaribu kufunga, na wewe kila siku unaufumua. Dawa haina kosa, ufizi hauna kosa."

"Kosa ni la fundi."

"La ukucha. Wiki mbili usiuguse. Hata kwa ulimi."

"Na kung'oa je?"

"Sing'oi jino lisilo na hatia."

Tulitoka. Shangazi alitembea mpaka kona ya kwanza, hapo akashika ukuta wa nyumba ya watu akacheka hadi machozi.

Wiki mbili hizo alivaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, kwenye kidole gumba mchana kutwa, na mishono akaipitishia ukucha wa mkono wa kushoto. Fundi wa pasi akamuuliza amefungwa pingu kwa kesi gani. Siku ya sita mate yalitoka meupe. Alinionyesha karai, akalimwaga.

Tuliporudi, kijiti cha daktari kilizunguka jino na kutoka bila damu. Ufizi ulikuwa wa waridi, umekaa vizuri kama kola iliyopigwa pasi.

"Umelala," daktari akasema.

"Umelala kweli?"

"Umelala, mama. Usiuamshe."

Nje Shangazi alinunua karanga, akaketi kwenye ngazi za jengo, akatia moja upande wa kushoto na kutafuna taratibu, macho amefumba. Akatia nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wake, na hakukumbuka kunikaribisha mpaka zilipobaki chache mno kugawana.